Adabu za Mgeni katika Sherehe za Miji ya Meksiko

Msomaji uliyeazimu kusafiri hadi Meksiko ili uzione sherehe za jadi za miji yake midogo, nakusihi kabla ya kuulizia nauli ya ndege uketi kwanza na kalenda, maana katika nchi ile, ambayo kila mji, kila kijiji na aghalabu kila mtaa una mtakatifu wake msimamizi, siku ya sherehe haihamishwi kwa ajili ya mgeni wala kwa ajili ya mvua, na msafiri anayefika kesho yake hukuta maturubali yanakunjwa na wapiga tarumbeta wamelala.

Ziko sherehe zenye siku isiyobadilika, kama ile ya Chiapa de Corzo katika jimbo la Chiapas, inayoanza tarehe 4 na kwisha tarehe 23 Januari. Ile ya Tlacotalpan kando ya mto Papaloapan, tangu 31 Januari hadi 9 Februari. Na ule usiku wa kuamkia 15 Agosti katika mji wa Huamantla, ambao wenyeji hukesha wakitandaza barabarani mazulia ya vumbi la mbao lililotiwa rangi, ili sanamu ya Bikira Maria ipitishwe juu yake kabla ya mapambazuko. Ziko nyingine zinazoandamana na Pasaka, kama Kanivali, Wiki Takatifu na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na hizo yapasa uzihesabu upya kila mwaka. Nayo Guelaguetza, tamasha la ngoma la mji wa Oaxaca, ina kanuni yake peke yake: hufanyika Jumatatu mbili zinazofuata tarehe 16 Julai, isipokuwa Jumatatu ya kwanza ikiangukia tarehe 18, siku aliyofariki Rais Benito Juárez mwaka 1872, ndipo husogezwa mbele kwa wiki moja, kama ilivyokuwa mwaka 2022, ilipochezwa tarehe 25 Julai na 1 Agosti. Asiyeijua kanuni hii huenda akalipia chumba katika wiki isiyo yake, na vyumba vya Oaxaca mwezi wa Julai, kama vya Pátzcuaro mwanzoni mwa Novemba, humalizika miezi mingi kabla.

Ukiisha kuijua siku, chagua mji mmoja, au miwili iliyo jirani, ukae humo siku nne au tano. Tangu mwaka 2001 serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiitangaza baadhi ya miji kwa jina la Pueblos Mágicos, nayo sasa imezidi 170; orodha hiyo yafaa kwa mtu atafutaye nyumba za wageni na barabara njema, ila vijiji vingi vyenye ibada na ngoma za kale havimo, na si haki kuvihukumu kwa kutokuwamo. Anayekimbia kutoka mji hadi mji huona vilele tu vya sherehe, hali utamu wake mwingi umo katika matayarisho: wanawake thelathini wakisaga kakao katika ua mmoja, watoto wakikata karatasi za rangi, mafundi wa fataki wakifunga mianzi ya mnara utakaowashwa usiku.

Na huwezi kuifahamu sherehe usipojua nani aigharimiaye. Katika vijiji vingi vya wenyeji wa asili, hasa Oaxaca na Chiapas, mzigo huo hubebwa na mtu aitwaye mayordomo, pamoja na mkewe na jamaa zake, ambaye ameupokea kwa nadhiri au kwa kuteuliwa na wenziwe, akaweka akiba kwa muda mrefu ili siku ifikapo anunue mishumaa, ubani na fataki, awalipe wapiga bendi na awalishe watu wote, wala hana ujira ila heshima. Kwa kuwa hakuna nyumba iwezayo kuhimili gharama hiyo peke yake, Wazapoteki wa bonde la Oaxaca wana ada ya kupeana kwa hesabu: leo nakuletea bata mzinga na kikapu cha mahindi kwa shughuli yako, nawe unaandika katika daftari, na siku ya shughuli yangu, hata ikiwa baada ya miaka kumi, unarejesha kitu kile kile kwa uzito ule ule. Mtu wa pwani yetu aliyepata kula kikoa ataielewa ada hiyo bila ya kufafanuliwa zaidi. Ndiyo iitwayo guelaguetza, na tamasha kubwa la mjini limechukua jina lake.

Hapa pana asili ya adabu zote ninazokuusia. Ukikaribishwa kula katika ua wa mayordomo, na mgeni mpole hukaribishwa mara nyingi kuliko anavyotarajia, tambua kuwa kila sahani iliyo mbele yako ni deni lililoandikwa katika daftari la mtu. Basi usiingie mikono mitupu. Chukua mishumaa, matunda, mkate au maua, umkabidhi mwenye nyumba kwa mikono miwili mbele ya madhabahu ya nyumbani, umwamkie yeye kwanza na wazee walioketi ubaoni baadaye, ndipo ukae utakapoonyeshwa.

Tamasha la Oaxaca lenyewe hufanyika juu ya kilima cha Fortín, katika uwanja mkubwa wa ngazi unaoutazama mji kwa chini, asubuhi na tena alasiri, na jumbe za mikoa minane ya jimbo hupanda jukwaani kwa zamu, kila mmoja na mavazi na muziki wa kwao. Na ujumbe ukiisha kucheza huwarushia watazamaji mazao yake, machungwa, mikate, kahawa, kofia za ukindu, hata mananasi mazima, kwa hiyo angalia kichwa chako. Mizizi yake ya kisasa ni ya mwaka 1932, mji ulipoadhimisha miaka 400 tangu kupewa hadhi ya jiji, na baadhi ya ngoma zinazosifiwa ni changa kuliko hivyo: ile ya wasichana wa Tuxtepec wanaocheza na mananasi begani ilibuniwa mwaka 1958 na mwalimu Paulina Solís. Sioni kuwa jambo hilo linaitia dosari, maana jadi isiyozaa haidumu. Wako wasemao kuwa tamasha limegeuzwa biashara, na katika neno lao mna ukweli, kwa sababu viti vya sehemu mbili za mbele huuzwa kwa bei ambayo mkulima wa milimani haimudu. Lakini sehemu mbili za nyuma hazilipiwi, na anayepanga foleni tangu alfajiri huketi kati ya jamaa za wachezaji wenyewe, wanaomjua kila mtu aliye jukwaani na hawaoni taabu kumweleza jirani. Mimi ningekushauri ukae huko.

Bora zaidi ni kushuka vijijini. Zaachila huwa na Guelaguetza yake katika siku hizo hizo. Katika Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji wa mazulia ya sufu, mwezi huo huo wa Julai huchezwa Ngoma ya Manyoya, inayosimulia vita baina ya Moctezuma, mfalme wa Waazteki, na Cortés, jemadari wa Wahispania, ambayo vijana wake wamekula nadhiri ya kuicheza kwa miaka mitatu, wakiwa na mataji mapana ya manyoya vichwani na wakiruka juani mbele ya kanisa kwa muda wa saa nyingi. Hapana tiketi wala mtangazaji. Tafuta kivuli, ukae, usiondoke katikati.

Sasa nije katika sherehe ambayo wengi wa wasomaji wangu huisikia kwa jina na huielewa visivyo, nayo ni Siku ya Wafu. Imani yake ni kwamba roho za marehemu hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, za watoto usiku wa kuamkia 1 Novemba na za watu wazima usiku unaofuata, na kwamba wajibu wa walio hai ni kuwapokea kama wasafiri waliotoka mbali. Kwa hiyo nyumbani hutandikwa meza yenye maji kwa ajili ya kiu, chumvi, mkate, mishumaa, moshi wa ubani wa kopali, picha ya marehemu na vyakula alivyovipenda, na kuanzia mlangoni humwagwa petali za ua la rangi ya manjano mbivu liitwalo cempasúchil, ambalo rangi na harufu yake huwaonyesha njia. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza ada hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kuitakidi hivyo hatatakiwa na yeyote akiri asichoamini. Linalotakiwa kwake ni staha ile ile ambayo angeitaka kwa wageni waliohudhuria hitima ya baba yake.

Mahali pa kuiona ni pengi. Katika mji wa Oaxaca watu humiminika kwenye makaburi ya Xoxocotlán usiku wa 31 Oktoba. Lakini mimi naipendelea pwani ya ziwa Pátzcuaro, jimboni Michoacán, nchi ya Wapurepecha, ambao hawakuwahi kutawaliwa na Waazteki, na ambao makao ya wafalme wao yalikuwa Tzintzuntzan, yanakosimama bado majukwaa matano ya mawe juu ya ziwa. Usiku wa kuamkia 2 Novemba wanawake huenda makaburini na watoto wao, wamejifunga shali, wakapamba kila kaburi kwa tao la maua, matunda na mikate, wakawasha mishumaa, na wakakesha hapo hadi kucha, wakisali au kuzungumza kwa sauti ya chini katika lugha yao. Kisiwa cha Janitzio, kilicho mashuhuri kuliko mahali pote, siku hizi hujaa watu hata mwendo wa kupanda kilima chake hugeuka msukumano, na usiku huo wenye kufiwa hukosa utulivu walioufuata. Ziache mashua za Janitzio. Nenda Tzintzuntzan mapema jioni, kisha Ihuatzio. Na kama unapenda kuona ukarimu uliotimia, nenda mchana katika vijiji vya kandokando ya ziwa, ambako nyumba zilizofiwa mwaka huo huacha mlango wazi, na anayekuja na matunda au mishumaa kwa ajili ya meza ya marehemu haondoki bila ya kulishwa.

Makaburini, pita njiani na usikanyage udongo wa kaburi hata kama njia ni nyembamba. Usiwashe taa ya kamera. Usipige picha ya mtu anayelia, hata akikuruhusu. Ukitaka kuketi karibu na familia, salimu, sema jina lako na utokako, usubiri. Mara nyingi mama mwenye kaburi ndiye atakayeanza kukusimulia habari za aliyelala pale, na kwa kumsikiliza utakuwa umefanya jambo alilolitamani. Wala usiende huko na uso uliopakwa rangi mfano wa fuvu. Mapambo hayo, yanayotokana na mchoro wa José Guadalupe Posada ambao Diego Rivera aliuvika gauni refu katika picha yake ya ukutani ya mwaka 1947, yana mahali pake katika mitaa ya miji mikubwa. Na lile gwaride la mji mkuu linaloonyeshwa kila mwaka katika televisheni lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond ya mwaka uliotangulia kulibuni kwa ajili ya sinema.

Siku hizo hizo za wafu, kwa msafiri mwenye asili ya Afrika, iko safari nyingine ambayo nasikitika kuwa wachache wetu huifahamu. Katika pwani ya Bahari ya Pasifiki iitwayo Costa Chica, mpakani mwa Guerrero na Oaxaca, wamo wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani zama za Wahispania, wengi wao kutoka magharibi mwa bara letu na Angola, na wengine, ingawa wachache, waliotolewa pwani ya Msumbiji wakapitishwa Manila hadi bandari ya Acapulco. Katiba ya nchi haikuwataja mpaka mwaka 2019, na sensa ya 2020 ndiyo iliyowahesabu kwa mara ya kwanza waziwazi kote nchini, wakatokea zaidi ya milioni mbili na nusu waliojitambulisha hivyo. Huko Cuajinicuilapa huchezwa Ngoma ya Mashetani, wachezaji wakiwa na vinyago vyenye pembe na ndevu za singa, wakikanyaga ardhi kwa kishindo mbele ya muziki wa kinanda cha mdomo, taya la punda linalokwaruzwa na ngoma ya kibuyu inayonguruma kwa kusuguliwa. Ukifika huko ukasema unatoka Afrika, jitayarishe kwa maswali mengi, na uyajibu kwa utaratibu.

Sherehe za mashariki na kusini nitazipitia kwa haraka. Papantla ni mji wa Watotonaki, ambao watu wao watano hupanda mlingoti mrefu kupita minazi. Mmoja husimama kileleni akipiga filimbi na kingoma, na wanne hujitupa vichwa chini wakiwa wamefungwa kamba kiunoni, wakizunguka kila mmoja mara kumi na tatu hata wafike chini, jumla yake ikiwa 52, idadi ya miaka ya mzunguko wa kalenda ya kale. Sikukuu yao kubwa ni ile ya Mwili na Damu ya Kristo. Vanila uionayo ikiuzwa sokoni humo ni mzaliwa wa misitu ile, na iliyopo leo Madagaska, Komoro, Unguja, Uganda na Kagera isingezaa ila kwa kuwa mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, aligundua jinsi ya kulichavusha ua lake kwa mkono. Tlacotalpan ni ya wapendao ushairi: usiku kucha watu hucheza fandango juu ya jukwaa la mbao ambalo nyayo hulifanya ngoma, na washairi hutupiana beti za papo kwa papo; tarehe 1 Februari, ng'ombe wanapoachiwa mitaani, kaa barazani, na tarehe 2 shuka mtoni, sanamu ya Bikira inapotembezwa kwa mashua. Chiapa de Corzo, upande wa kusini, ina wacheza ngoma waitwao Parachicos, wenye vinyago vya mbao na kayamba za bati, wanaozunguka mji mzima kutwa na kuingia nyumba kwa nyumba. Nao huruhusu mgeni kuwafuata. Ukiwa Chiapas usikose San Juan Chamula, ila kumbuka kuwa ndani ya kanisa lake, ambalo sakafu yake hutandikwa majani ya msonobari, ni marufuku kabisa kupiga picha, na Watzotzil hawaichukulii marufuku hiyo kwa masihara.

Katika chakula kuna mambo ambayo Mwislamu yapasa ayajue mapema. Tamales, yaani unga wa mahindi uliofungwa katika majani na kupikwa kwa mvuke, na maharage ya kukaanga, na pengine hata mikate, hutiwa mafuta ya nguruwe yaitwayo manteca; uliza «¿lleva manteca?» na hapana atakayechukizwa. Mayai, jibini ya Oaxaca, samaki wa maziwa na mito, mahindi ya kuchoma na parachichi hupatikana kila mahali, na chokoleti yao, inayopigwa kwa mchi wa mbao mpaka itoe povu, ni kinywaji kisichomkosesha mtu dini yake. Panzi waliokaangwa kwa ndimu na chumvi hawatamtisha aliyelelewa Bukoba kwa senene. Pombe ya mezcal utatunukiwa kwa heshima kubwa: weka mkono kifuani, ushukuru, useme dini au siha yako haikuruhusu, kisha upokee maji au chokoleti badala yake, ili mwenyeji asione amekataliwa yeye. Ukipita mbele ya watu wanaokula, hata usiowajua, sema «provecho». Ukiingia dukani au katika gari la abiria, toa salamu ya wakati. Kwa jambo hili mtu wa kwetu atajiona yuko nyumbani, maana huko nako kuanza kuuliza bei kabla ya kuamkia ni ukosefu wa malezi.

Habari za njiani nazo si za kupuuzwa. Wakenya na Watanzania huhitaji viza, na ubalozi wa Meksiko uko Nairobi. Lakini aliye na viza halali, au ukaazi wa kudumu, wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen huruhusiwa kuingia bila ya viza nyingine, na hilo ndugu zetu walioko ughaibuni walikumbuke, wakithibitisha ubalozini kabla ya kulipa. Hapana ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, na anayepitia Marekani sharti awe na viza ya huko ijapokuwa hatoki uwanjani, kwa hiyo njia ya Istanbul, Amsterdam au Paris ina usumbufu mchache. Kutoka mji mkuu mabasi ya daraja la kwanza ni mazuri, na hufika Oaxaca kwa saa sita au saba. Chukua nguo nzito: mji mkuu na Pátzcuaro viko juu ya mita 2,000, na mkesha wa Novemba kando ya ziwa ni wa baridi kali. Chukua pesa ndogo ndogo, kwani vijijini hakuna mwenye chenji ya noti kubwa siku ya sikukuu. Na kwa kuwa Michoacán na Guerrero zimesumbuliwa kwa miaka mingi na magenge ya wahalifu, safiri humo mchana, uwaulize wenye nyumba yako habari za barabara siku ile ile, na wakikuambia usiende, usiende.

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa sherehe za usiku ziitwazo vela, zinazojaa mwezi wa Mei katika Juchitán, kwenye shingo ya nchi ya Tehuantepec, kwa sababu humo sheria za mgeni zimewekwa wazi kuliko kwingine. Mwanamke haingii ila amevaa vazi la huko, sketi pana na blauzi ya mahameli iliyotariziwa maua, ambalo laweza kuazimwa. Mwanamume huvaa shati jeupe na suruali nyeusi. Mwanamume huleta kreti ya bia, mwanamke humpa mwenyeji wake fedha kidogo mkononi, naye hulishwa hadi usiku mkuu. Asiyegusa bia aweza kukubaliana na mwenyeji mapema alete soda au fedha. Siku inayofuata huitwa ya kuosha vyungu. Jamaa na marafiki hurudi pale pale, viporo hupashwa moto, bendi hupiga tena, na madaftari hufunguliwa. Wageni wengi hawaijui siku hiyo, wakawa wamekwisha kupanda basi. Wewe panga tiketi yako ya kurudi iwe ya kesho yake, na uende na sabuni.